Injini Iliyofungwa na Wawili

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi. Mkono wake hautetemeki hata mteja akipiga chafya wembe ukiwa shingoni. Haya hayakunipata mimi. Nimesimuliwa na dada, na dada si mtu wa kutia chumvi.

Jirani yao mjane alimpa shemeji pikipiki ya marehemu mumewe, ya enzi za babu zetu, iliyolala stoo miaka mingi. Hakutaka malipo. Alimwomba jambo moja tu: akiifungua injini, aifunge mwenyewe, asikubali kusaidiwa. Shemeji alicheka, akamwambia mtaani kwao hakuna wa kumsaidia mtu hata kubeba ndoo.

Akaitengea chumba cha uani. Injini akaishusha mezani, akaifungua, akaiosha kwa mafuta ya taa, akapanga vipande juu ya shuka kuukuu: pistoni, ringi, gia, na nati ndani ya vikombe vya chai ambavyo dada alivililia. Kisha akaanza kuifunga, kidogo kidogo, kila atokapo kazini.

Siku moja alirudi akakuta gia zimeshapangwa. Akadhani ni dada. Dada akamuuliza tangu lini amemwona akishika spana badala ya mwiko. Wakacheka. Kesho yake pistoni ilikuwa ndani ya silinda, ringi zimekaa sawasawa, boliti zimekazwa kuliko mkono wake ulivyoweza. Mlango aliuacha umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Badala ya kuogopa, alifurahi. Akaiambia meza, kwa mzaha, "Asante, fundi. Tuendelee."

Tangu hapo dada akawa anasikia maongezi kule uani. Sauti ilikuwa moja, ya mumewe. Iliomba spana. Ikanyamaza kidogo. Kisha chuma kikalia kiganjani, kama kimepokelewa. Alidhani kuna rafiki amepitia mlango wa nyuma.

Jumapili mchana, jua likiwaka, aliwapelekea chai. Vikombe viwili, maana mgeni ni mgeni. Akasukuma mlango kwa bega.

Mumewe alikuwa peke yake. Amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja. Mezani, nati ya mwisho ilikuwa inajizungusha. Taratibu. Ikafika mwisho. Ikakazwa.

"Usiingie," alinong'ona bila kugeuka. "Hajamaliza."

"Nani?"

Kiki ya kuwashia ikashuka yenyewe. Injini ikawaka.

Petroli haikuwamo. Tenki lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani, rangi bado mbichi. Injini ikanguruma polepole, na kifua cha shemeji kikapanda na kushuka nayo. Ikaongeza kasi. Kifua kikaifuata. Midomo yake ikawa ya kijivu. Dada akaangusha sinia, akairukia meza, akang'oa waya wa plagi.

Kimya.

Shemeji akaanguka kama gunia. Alipozinduka alikuwa hakumbuki kitu tangu asubuhi.

Siku hiyohiyo waliirudisha pikipiki, injini ikiwa juu ya toroli. Mlango wa stoo waliukuta wazi. Mahali pa kuiweka palikuwa pameshafagiliwa. Mjane alimtazama shemeji kwa muda mrefu, kisha akamvuta dada pembeni.

"Alimshukuru?" akanong'ona.

Dada akageuka kumtazama mumewe. Mjane akashusha macho, akafunga stoo.

Shemeji alipona. Anakula, analala, ananyoa watu. Ila dada hakutulia, akampeleka zahanati akapimwe. Nesi alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza. Akakunja uso. Akakitoa masikioni, akaenda dirishani kutazama ni nani ameacha pikipiki ikinguruma hapo nje.

Uwanja ulikuwa mtupu.

Akarudi, akaomba radhi, akasikiliza tena. Safari hii hakwenda dirishani. Alirudi kinyumenyume, bila kumwondolea shemeji macho, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.