Mfuniko wa Tangi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kufungua na kufunga tangi la mafuta la pikapu ya mama yake. Mama alikuwa dereva wa mikate. Alipakia kreti kwa mwokaji, akajaza dizeli kituoni, kisha akazunguka maduka ya mji mzima mpaka juu ya mlima wa hospitali. Shule ilikuwa ng'ambo ya hospitali, na hapo ndipo alipomshusha binti yake, nguo zikinukia mkate na vidole vikinukia dizeli.

Kasuku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Alipiga soga na kila mtu, na asipopata mtu aliongea na kreti. "Huyu mpaka alale ndipo majirani wapumzike," mama alikuwa akitania.

Mdomo huo ndio uliomponza. Asubuhi moja pale kituoni alikuwa akimsimulia Mjomba Pampu kisa cha mbuzi aliyeingia darasani na kula ramani. Mjomba Pampu alikuwa muuza dizeli wa kituo hicho. Hakuwa mjomba wa damu, lakini alimjua Kasuku tangu akibebwa mgongoni, na alicheka visa vyake vyote, hata vile visivyochekesha. Kasuku aliuweka mfuniko wa tangi juu ya bampa ili apate mikono miwili ya kuonyesha pembe za mbuzi. Mjomba akaitwa na mteja mwingine, mama akapiga honi, Kasuku akarukia kitini. Mfuniko ukaanguka njiani, wapi hasa, Mungu ndiye ajuaye.

Aligundua jioni alipokuwa akifuta gari. Si mama alikuwa amemwambia juzijuzi tu, "Tangi nimekukabidhi wewe, sasa umekuwa mkubwa"? Angemwambia nini? Akachepuka hadi gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, akapekua rundo la vyuma chakavu, akapata mfuniko mweusi uliofanana na ule. Hakumwomba mtu. Aliufunga, ukakaza vizuri, akashusha pumzi. Yameisha, alijiambia.

Thubutu! Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Siku iliyofuata pikapu iliondoka vizuri, lakini walipofika katikati ya mlima ikaanza kukohoa. Mama alikanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likazidi kulegea. Akarudisha gia ya kwanza, wapi! Injini ikazima. Walikaa pembeni kwa muda, magari yakiwapigia honi, halafu likawaka na kupanda kwa kujivuta. Siku nyingine lilipanda bila shida. Siku nyingine likazima tena palepale.

Mwenye gereji aliitwa Fundi Taratibu, kwani hata salamu aliitikia baada ya kuifikiria. Kila walipomfikia alianza vilevile. "Kasuku, nifungulie tangi nitazame mafuta." Kasuku alifungua, na tangi likavuta hewa kwa nguvu: fyuuu! Fundi hakusikia, alikuwa akitafuta tochi yake. Kasuku aliufumbata mfuniko nyuma ya mgongo mpaka fundi amalize, kisha akaufunga mwenyewe haraka. Fundi alibadilisha chujio la dizeli, akapuliza mabomba, akakagua mipira yote kutafuta tundu. Kisha akalijaribu gari barabarani, na likakimbia bila kusitasita.

"Hili gari halina ugonjwa," alisema akijikuna kichwa. "Linadeka."

Mama alicheka. Kasuku hakucheka. Ile fyuuu ilikuwa imemkaa masikioni. Hakujua maana yake, lakini aliona wazi kwamba kila mfuniko ukifunguliwa, gari linapona. Basi akaanza ujanja. Wakifika chini ya mlima, alisema, "Mama, simama, kreti imelegea!" Akazunguka nyuma, akafungua mfuniko, fyuuu, akafunga, akarudi kitini. Gari likapanda mlima bila taabu, na mama akamsifu kwamba ana macho makali.

Sifa zile zilimchoma kuliko fimbo. Alikuwa anamtibu mgonjwa aliyemwambukiza mwenyewe, na anapongezwa kwa hilo. Alitaka kusema kila siku, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Hata kuongea kulimpungukia. Mama akamuuliza kama anaumwa jino.

Kisha ikafika zamu yake ya kufagia darasa, akatangulia shule kwa miguu. Mama alipanda mlima peke yake. Katikati injini ikazima, breki zikachelewa kushika, pikapu ikarudi nyuma na kutumbukiza gurudumu mtaroni. Mikate ikamwagika kwenye maji machafu. Mama hakuumia. Mwokaji naye alimwambia waziwazi kwamba ikitokea tena atatafuta gari jingine.

Fundi Taratibu aliitwa palepale barabarani. "Chujio jipya. Mipira mizima," alisema. "Sijui. Labda mafuta yenyewe."

Alisema labda. Mama, kwa hofu na hasira aliyokuwa nayo, hakuisikia hiyo labda.

Gari lilipovutwa kutoka mtaroni, alimpitia Kasuku shuleni na kwenda moja kwa moja kituoni, saa ambayo watu wamejaa. "Wewe mzee!" alimfokea Mjomba Pampu mbele ya wote. "Miaka yote nakununulia, kumbe unaniuzia maji! Nusura uue mtu leo!"

Mjomba Pampu alimgeukia. "Mimi? Nikutilie maji wewe?" Aligeuka huku na huku, akamwona Kasuku, na uso wake ukapata matumaini. "Huyu hapa ndiye anayefungua tangi kila siku. Kasuku, sema kweli, umewahi kuona maji? Gari lina nini?"

Watu wote walimtazama. Kasuku, aliyekuwa na jibu la kila swali, aliinamisha kichwa.

"Sijui," alisema.

Wateja wawili watatu waligeuza magari yao wakaondoka. Mwenye kituo akatoka ofisini, akamwambia Mjomba Pampu avue koti la kazi aende nyumbani mpaka jambo lijulikane. Mzee alilivua, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Hakumtazama tena Kasuku. Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Usiku ule, hata alipofumba macho aliliona lile koti juu ya kiti.

Kulipokucha Fundi Taratibu alikuja na chupa safi. Aliomba apande nao. "Leo siligusi," alisema. "Na nyinyi mtu asishuke. Nataka liugue mbele yangu." Walipofika chini ya mlima, Kasuku alibanwa katikati yao wawili, hana pa kupita. Katikati ya mlima pikapu ikakohoa, ikalegea. Mama akawahi kuegesha pembeni, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Fundi alitoa dizeli kidogo kwenye chujio, akaitia kwenye chupa, akaiinua juani. "Safi. Hakuna hata tone la maji."

"Basi yale maji yake ya jana yameshaharibu injini," mama alisema kwa ukali. "Naenda kumshtaki."

"Mama, usiende!" Kasuku alipaza sauti, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Si mafuta. Si Mjomba. Ni mimi!"

Akawapeleka nyuma ya gari akafungua mfuniko. Fyuuu! Safari hii hata wapita njia waligeuka. Akaeleza yote: mbuzi, bampa, rundo la vyuma, kreti ambazo hazikuwahi kulegea. Fundi aliupokea mfuniko, akaugeuza. "Huu ni wangu, wa pipa la mafuta. Hauna tundu. Mfuniko wa tangi la gari lenu una katundu kadogo ka kupitishia hewa. Dizeli ikitoka, hewa lazima iingie. Ukiziba, tangi linavuta, injini inavuta, mwisho injini inakosa mafuta. Kila nilipokwambia ufungue, ulikuwa unaliponya kabla sijaliona likiugua." Alitikisa kichwa. "Na mimi nikajifanya bingwa, sikuuangalia hata siku moja."

Kasuku alingoja kofi. Mama hakumpiga, wala hakufoka. Alikaa kwenye bampa, akafunika uso. "Nimemtukana mtu mzima mbele za watu," alisema. "Yaani mimi!"

Walimkuta Mjomba Pampu nyumbani, amekaa kibarazani bila kazi, jambo ambalo Kasuku hakuwahi kuliona. Mama aliomba radhi kwa maneno mengi. Kasuku aliomba kwa machache, akitazama miguu yake. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nimewasikia," alisema. "Lakini walionidharau hawakuwa hapa kibarazani. Walikuwa kule."

"Nitawaambia mwenyewe," Kasuku alisema.

Asubuhi iliyofuata alisimama kati ya pampu na foleni ya magari, akasema mbele ya mwenye kituo na wateja kwamba mafuta yalikuwa mazuri, kwamba yeye ndiye aliyepoteza mfuniko na kuweka mbovu. Angeweza kuishia hapo. Lakini akaongeza, "Na Mjomba aliponiuliza, nilisema sijui. Nilikuwa najua." Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Mtoto mbaya huyu!" Kasuku alivumilia.

Mwenye kituo alimrudishia Mjomba Pampu koti lake. Mzee alilivaa, akajaza tangi la mama kama kawaida, bila kisa wala kicheko.

"Mjomba, umenisamehe?" Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini nikwambie kilichoniuma, ukikumbuke ukubwani." Aliinama wakawa uso kwa uso. "Kupoteza mfuniko ni bahati mbaya, hata mimi nimepoteza mingi. Mama yako alinitukana, lakini alikuwa hajui. Pale palikuwa na watu wengi, nami nikakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye niliyekuamini. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako."

Kasuku aliitikia, "Ndiyo, Mjomba," akaufunga mfuniko mpya waliopewa na Fundi Taratibu, akapanda gari, na mpaka wanafika juu ya mlima alikuwa bado analia.