Namba Isiyoshuka

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Kalyna Sawchyn aliitwa mara tatu. Mara ya kwanza aliitwa kwa upole, mara ya pili kwa jina lake lote, na mara ya tatu Mama alipanda ngazi mwenyewe. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyelima kutwa nzima. Mezani alikuta mkate aliouoka Bibi Paraska, siagi na mayai. Alikula vipande viwili, akaenda shule, na ikifika saa nne tumbo lilikuwa limevimba na linauma.

Mwezi wa Septemba mambo yalizidi. Kalyna alicheza magongo ya barafuni katika timu ya wasichana ya mji wao mdogo katika jimbo la Saskatchewan, Kanada. Siku hizo hakumaliza dakika mbili uwanjani bila kuinama na kushika magoti.

"Sawchyn, umelala?" kocha alipiga kelele. "Hata mama mkwe wangu angekupita hapo!"

Wenzake walicheka. Kalyna akacheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Mama alimpeleka kwa Daktari Okimaw, akatolewa damu. Wiki mbili baadaye wakaitwa kupokea majibu, na Baba akaja pia.

"Kalyna ana upungufu wa damu," daktari alisema. "Na sababu yake nadhani ni hii." Aligeuza karatasi ili wote waione, akaweka kalamu chini ya mstari mmoja. "Hizi ni kingamwili, askari wa mwili. Katika maabara yetu, mtu wa kawaida huwa chini ya ishirini. Kalyna ana mia mbili na kumi na nne."

"Askari wengi si ndiyo vizuri?" Baba aliuliza.

"Si hawa. Hawa wanapigana na utumbo wake mwenyewe. Kila akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, wanaanza vita. Ugonjwa huu unaitwa seliaki."

Baba aliivuta karatasi kwake. Yeye, Bohdan Sawchyn, alikuwa mkulima wa ngano, mtoto wa mkulima wa ngano, mjukuu wa mkulima wa ngano.

"Ngano?" alisema. "Hii hii ya kwetu?"

"Basi kuanzia leo asiguse mkate," Mama alisema.

"Hapana, msimwachishe bado," daktari alijibu haraka. "Lazima tuthibitishe kwa kuutazama utumbo kwa kamera. Akiacha ngano sasa, utumbo utaanza kupona na kipimo kinaweza kutudanganya. Aendelee kula kama kawaida mpaka siku hiyo. Ni wiki sita."

Kalyna alimkodolea macho. "Yaani umeniambia mkate unaniumiza, halafu unaniambia niule?"

"Ndiyo. Najua inaudhi."

"Inaudhi? Kinachoudhi ni soksi iliyolowa. Hii sijui niiiteje."

Alikula mkate wiki sita, kila tonge kwa hasira. Katika hospitali ya mjini alilazwa usingizi, mrija mwembamba wenye kamera ukapitishwa mdomoni, na vipande vidogo vya utumbo vikachukuliwa. Majibu yalithibitisha. Vijinyuzi vya utumbo mdogo, vile vinavyofyonza chakula, vilikuwa vimelala bapa. Vingeinuka tena, daktari alisema, lakini hapakuwa na kidonge cha kuviinua. Dawa ilikuwa moja tu: kutokula gluteni, maisha yote.

"Yote?" Kalyna aliuliza.

"Yote."

Nyumbani vita vilihamia jikoni. Mama alinunua kibaniko kipya cha mkate, akakiandika KALYNA kwa rangi nyekundu. Akanunua chujio jipya, ubao mpya wa kukatia na chupa ya jemu ambayo kisu cha mtu mwingine hakikuruhusiwa kuigusa, kwa sababu hata chembe za mkate zilitosha kuamsha ugonjwa. Mkate wa unga wa mchele ulivunjikavunjika kama udongo mkavu kabla haujafika mdomoni.

Bibi Paraska ndiye aliyeumia zaidi. Kila Jumapili alipika perohe, vile vifuko vya unga vinavyojazwa viazi na jibini kisha kuchemshwa, na hakuna mjukuu aliyewahi kukaa mezani pake bila kula.

"Mimi nimekula ngano miaka themanini na moja!" alilalamika. "Mtoto akinyimwa unga, atakula nini? Hewa?"

Akajaribu kuvitengeneza kwa unga wa mchele. Viliyeyuka sufuriani vikawa uji. Bibi aliutazama uji ule, akatamka neno ambalo wajukuu zake hawakuruhusiwa kulitamka, akafunika sufuria.

Mwishoni mwa Novemba timu ilishinda mechi yake ya kwanza. Breanne, rafiki yake Kalyna, alizungusha boksi la donati katika chumba cha kubadilishia nguo.

"Chukua bwana! Moja tu haitakuua."

Kalyna alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuonewa huruma. Akachukua. Jioni ile alitapika mpaka akabaki hana nguvu.

"Umekula nini?" Baba aliuliza.

"Sijala kitu."

"Kweli?"

"Kweli, Baba."

Kesho yake Mama alikutana na kocha dukani, akasikia habari za donati. Baba hakugomba. Alimwambia tu, "Donati imekuumiza wewe. Uongo umetuumiza sisi sote." Kalyna aliomba radhi, akaahidi, na tangu siku ile hakuvunja ahadi yake. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Breanne alikaa na tufaha lake huku wenzake wakila keki. Alisoma maandishi ya kila pakiti mpaka macho yakamuuma.

Kwa hiyo, walipokwenda kuchukua majibu mapya mwezi wa Aprili, alikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyejiandaa kwa mtihani.

"Mia moja sabini na moja," Daktari Okimaw alisoma. "Imeshuka, lakini kidogo sana. Baada ya miezi yote hii nilitarajia zaidi. Mara nyingi maana yake ni kwamba gluteni bado inaingia mahali fulani."

Ndani ya gari, Baba alimtazama Kalyna kwenye kioo.

"Niambie ukweli," alisema. "Sitakukasirikia."

"Sijala."

"Kalyna."

"Sijala, Baba!"

"Novemba pia ulisema hujala."

Kalyna alihisi kama amepigwa kofi. "Miezi mitano nakula mkate unaovunjika kama udongo! Nimekataa keki, nimekataa pitsa, nimekataa perohe za Bibi! Nimechoka! Ningejua hutaniamini, si ningekula tu!"

"Kalyna, msikilize baba yako," Mama alisema.

"Yeye ananisikiliza mimi?"

Walipofika, alibamiza mlango wa gari, akaelekea moja kwa moja kwenye banda la ndama. Tangu majira ya baridi, kazi yake baada ya shule ilikuwa kuparaza shayiri kwa mashine, yaani kuisaga chengachenga, na kuwalisha ndama kumi na wanane. Aliipenda kazi ile. Ndama hawakuwa na maswali.

Baada ya nusu saa Mama alimfuata, si kumgombeza bali kumwomba arudi ndani. Alipofungua mlango, hakumwona. Milango yote ilikuwa imefungwa kuzuia upepo, mashine inanguruma, na vumbi jeupe limejaa banda zima. Kalyna alikuwa katikati ya vumbi hilo, analia mdomo wazi, huku akijilamba midomo iliyokauka.

Mama alizima mashine.

"Kalyna, hii unayoparaza ni nini?"

"Ni shayiri! Kwani hujui?"

"Daktari alisema ngano, na nini?"

Kalyna alihesabu kwa vidole. "Ngano... shayiri... na rai," alisema polepole. "Lakini siili, Mama. Nawapa ndama."

"Njoo nje. Tema mate."

Alitema kwenye theluji iliyokuwa bado haijayeyuka. Mate yalikuwa mazito, ya kijivu, yamejaa unga.

"Yasiyotemwa huwa yanakwenda wapi?" Mama aliuliza. Kisha akamkumbatia binti yake, vumbi na yote.

Walimpigia simu Bi Pelletier, mtaalamu wa lishe aliyewaelekeza tangu ugonjwa ulipothibitishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Vumbi likiingia mdomoni humezwa, na kwa wingi huo, kila siku, linatosha. Niliwauliza kuhusu jikoni, shule na dawa. Sikuuliza kuhusu kazi zake. Hapo nilikosea."

Baba alikuwa amesimama mlangoni akisikia kila neno kwenye spika ya simu. Asubuhi iliyofuata aliihamisha mashine kwenye kibanda cha mbali, akaichukua kazi ile mwenyewe. Kalyna alipewa kazi ya maji na majani makavu. Kwa siku tatu alimjibu baba yake "ndiyo" na "hapana" tu, na Baba hakumlazimisha kusema zaidi.

Kiangazi kikapita, na mavuno, na theluji ikarudi. Polepole Kalyna alianza kuamka akiitwa mara moja. Bibi Paraska, baada ya kuharibu sufuria saba, aligundua kwamba unga wa mchele ukichanganywa na wanga wa viazi na mayai hauyeyuki. Perohe zile zilikuwa ngumu kidogo, lakini Kalyna alikula kumi na tatu.

Mwezi wa Januari walirudi kwa Daktari Okimaw. Safari hii Kalyna aliomba karatasi aisome mwenyewe. Alipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Kumi na nne," alisema. "Chini ya ishirini. Na damu imepanda!"

"Umesoma vizuri kuliko wanafunzi wengi wa udaktari," daktari alisema.

Garini, Baba hakuwasha injini. Aliiweka ile karatasi juu ya usukani, akaitazama.

"Karatasi ya Aprili ilisema gluteni inaingia," alisema. "Haikusema umedanganya. Hilo niliongeza mimi. Nisamehe, mwanangu."

Kalyna alitazama nje ya dirisha. "Lakini kweli niliwahi kukudanganya."

"Uliwahi, na umeona gharama yake: siku uliposema kweli, hukuaminiwa. Hilo ni funzo lako. La kwangu ni hili: kipimo hujibu swali lake tu. Kimesema kuna tatizo. Kulitafuta lilipo ni kazi yetu, tena kwa macho na kwa subira, si kwa kumnyooshea kidole aliye karibu. Mimi nilikuwa na mtoto mgonjwa, nikamfanya mshitakiwa."

"Na siku nyingine namba ikipanda?"

"Nitakuuliza mara moja, na utakalosema nitaliamini," Baba alisema, akiwasha gari. "Halafu tutatafuta pamoja."