Sauti ya Bibi Katika Spika Mpya

Kila akitoka shule, Kimya hupitia karakana ya mjomba wake, fundi wa redio, akafagia vipande vya nyaya kisha akajikalia kwenye stuli. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, maana tangu mama yake aende kufanya kazi mji wa mbali, maneno yalikuwa yamemkauka mdomoni. Mjomba naye si mtu wa soga. Akishavaa visikizi vyake vya masikioni, mwite utakavyo, hasikii. Msichana alikuwa mpweke, na hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja mjomba alimkabidhi kazi ya maana. Babu mmoja, mlinzi mstaafu, alikuwa ameleta spika na amplifaya yake kuukuu, zote ziko hoi ingawa bado zinatoa sauti, pamoja na spika mpya na amplifaya ya kisasa inayorekebishwa kwa simu. Alitaka hizi mpya zitoe sauti ileile ya zamani.

"Cheza rekodi aliyoileta babu, kwenye spika ya zamani na kwenye mpya," mjomba alimweleza. "Sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, ndipo uguse besi, ile sauti nzito. Sikiliza, rekebisha, sikiliza tena."

Rekodi yenyewe ilikuwa sauti ya marehemu mke wa babu, akigomba kwa mapenzi. Kimya aliposikia maneno mawili matatu tu, alimkumbuka mama yake, akaizima haraka. Badala ya kusikiliza, alitazama namba kwenye vitufe vya amplifaya kuukuu, akaziingiza zilezile kwenye simu.

"Umesikiliza vizuri?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

Jioni babu alikuja, akasikiliza, uso ukamnywea.

"Asanteni, wanangu. Sauti ni safi," alisema, akianza kukunja nyaya. "Ila huyu mama simjui."

Kimya alisimama ghafla. "Babu, usiondoke! Nilinakili namba tu. Nilikudanganya, mjomba. Nilimkumbuka mama, nikashindwa kusikiliza."

Mjomba alivitoa visikizi shingoni, akaviweka kando. Hakufoka. Alivuta stuli, akaketi karibu naye kabisa.

"Boksi la spika hii mpya ni kubwa kuliko la ile ya zamani, mwanangu. Kwa namba zilezile, besi inavimba. Haya, tuanze upya, sote."

Wakapunguza besi. Babu akatikisa kichwa: "Bado. Mke wangu hakuwa na mafua." Wakapunguza tena, wakaisogeza spika mbali na ukuta, wakalinganisha na ile ya zamani, wakacheza rekodi.

"Wee mzee, vua viatu! Si unaona nimepiga deki?"

Babu aliinama mara moja, akafungua kamba za kiatu kabla hajakumbuka yuko wapi. Wote waliangua kicheko. Kisha babu akafuta macho.

"Ukisema umesikiliza," mjomba alimwambia Kimya taratibu, "mtu anakuamini, anaibeba kazi yako hadi kwake. Na ukilemewa, niambie. Nitavua visikizi."

Babu alimshika Kimya bega.

"Ungenyamaza, mjukuu wangu," alisema, "leo ningerudi nyumbani na mgeni."