Seli Zilizokwama Njiani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Dada alimpondea mdogo wake kidonge cha kifafa na kukikoroga kwenye maziwa. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa akiondoka mapema, na mtoto huyo, waliyempa jina la utani Kifungo, hakukubali kulishwa na mwingine.

Siku ya mtihani wa hesabu, Dada alikazania kusoma mpaka kidonge kikamtoka akilini. Mchana walipompitia mama kazini, Kifungo alianguka katikati ya vitambaa, akakakamaa, kisha akaanza kutetemeka. Mama alimlaza ubavu. Dada akaondoa mikasi. Wakasubiri, lakini kifafa hakikumwachia. Wakamkimbiza hospitali.

Daktari alimchoma sindano, mwili ukatulia.

"Asubuhi amekunywa dawa?"

"Amekunywa," Dada akawahi kujibu.

Daktari akakunja uso. "Basi haimtoshi tena. Itabidi nimwongezee nyingine kali. Itamlegeza sana, lakini sina jinsi." Akashika kalamu.

Dada alimtazama mdogo wake.

"Daktari, usiandike. Hakunywa. Nilisahau, halafu nikaogopa kusema."

Mama alimgeukia, kisha akamtazama Kifungo kitandani.

"Labda kosa ni langu tangu mwanzo," mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimba yake niliibeba nikishona, nimejikunja kwenye cherehani. Majirani hawaachi kunisema."

Daktari akawaonyesha picha ya ubongo wa Kifungo iliyokuwa kwenye faili lake. "Si cherehani, mama. Mtoto akiwa tumboni, seli za ubongo huzaliwa ndani kabisa, kisha husafiri kwenda juu kujipanga. Jeni ndizo zinazoziagiza: piteni hapa, simameni pale. Jeni moja ya Kifungo ina hitilafu, kwa hiyo seli nyingine zikakwama njiani. Ndiyo haya mabaka, na kifafa kinaanzia hapo. Hukumkosea mwanao."

Mama alijifuta macho kwa kiganja.

Jioni Kifungo aliamka, akaomba maji. Daktari alisema dawa itabaki ileile.

"Samahani, mama," Dada alinong'ona.

"Nimekasirika, sikufichi," mama alijibu, akimvuta karibu. "Lakini sikiliza. Ukisahau tena, nipigie simu papo hapo, hata kama nimebanwa na kazi. Hasira zangu zitaisha. Uongo ungemnywesha mdogo wako dawa isiyo yake."