Mkono Uliosema Njoo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijavuka paa la jirani, binti mmoja alitoka nje na ndoo ya maji, sifongo na kitambaa kikavu kwenda kuosha gari la mama yake. Nyumbani walimwita Mawinguni, kwa sababu huko ndiko akili yake ilikopenda kukaa. Ukimtuma chumvi, alirudi na kiberiti. Ukimwambia aangalie maziwa jikoni, aliyaangalia kweli, tena kwa macho yote mawili, mpaka yakafurika na kuzima moto.

Kuosha gari, hata hivyo, hakuharibu. Gari lilikuwa jipya, la buluu iliyokolea, na milango yake iling'aa hata ungeweza kuchana nywele mbele yake. Mawinguni alilipenda zaidi likiwa limelowa. Alichuchumaa kando ya mlango na kutazama mawingu yakipita ndani ya rangi ile, polepole, yakiingilia upande wa taa za mbele na kutokea nyuma. Hapo alianza kuota safari. Aliiona barabara ya kwenda kwa bibi, vilima kwa vilima, nyasi ndefu zikiinama, na upepo wa dirishani ukimpiga usoni.

Safari hiyo haikuwa ndoto tupu. Mama yake, ambaye alikuwa mkunga, alikuwa amejifunza kuendesha gari ukubwani. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyemfundisha katika uwanja mtupu nyuma ya zahanati, na watu walikuja kutazama na kucheka kana kwamba wameletewa sinema ya bure. Mama hakujali. Siku gari lilipofika alimpigia bibi simu, akamwambia, "Mama, safari yangu ya kwanza ya mbali ni kuja kukuchukua ukae nasi." Bibi alijibu kwamba yuko tayari, ila hatapanda gari hilo kama si binti yake aliyeshika usukani. Tangu siku hiyo mkoba wa bibi ulikaa mlangoni, umefungwa.

Alasiri moja katikati ya wiki, mama alimpitia Mawinguni shuleni, wakasimama kwenye duka la dawa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kati ya magari mawili, kando ya ukingo mrefu wa zege.

"Shuka, mwanangu, uniongoze," mama alisema. "Gurudumu la nyuma silioni. Nikikaribia ukingo, niambie nisimame."

"Sawa, mama."

Mawinguni alisimama kando ya barabara, akainua mkono. "Njoo, njoo," alisema, na gari likarudi nyuma taratibu. "Njoo, njoo." Jua la alasiri lilikuwa laini, na mtaa mzima ulikuwa kama unasinzia. Kwenye mlango wa buluu likatokea wingu moja refu, lenye umbo la kilima cha kwa bibi, na juu yake kitu mfano wa mti. Mawinguni akalifuata kwa macho. Alikwenda nalo mbali. Mkono wake ulibaki nyuma, ukiendelea kusema njoo peke yake.

Krrrrr!

Gari lilisimama. Mama aliteremsha kioo. "Nini hicho?"

Mawinguni alitazama chini. Kwenye ukingo wa rimu ya gurudumu palikuwa na mkwaruzo mrefu, mweupe, wenye meno meno, na ubavuni mwa tairi mpira ulikuwa umechunika. Alisogea haraka mbele yake.

"Kokoto tu, mama," alisema. "Umekanyaga kokoto."

Mama alishusha pumzi, akashukia upande wa pili na kuingia dukani. Mawinguni alisimama mbele ya gurudumu mpaka aliporudi, amelificha kwa sketi yake ya shule.

Jioni ya kesho yake mjomba alipita kuwasalimia. Mjomba alikuwa na tabia ya kulizunguka gari kwanza kabla ya kuingia ndani, mikono nyuma, kama daktari wodini.

"Dada!" aliita. "Gari lako limeanza lini kutafuna zege?"

Mama alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji. Alichuchumaa, akaugusa mkwaruzo kwa kidole. "Ni pale duka la dawa," alisema. "Mtoto alikuwa ananiongoza. Bila shaka aliniambia nisimame, nami sikusikia. Nikikaa kwenye usukani, woga huniziba masikio."

"Dada, hilo ni jambo dogo. Mimi mwenyewe niliwahi kugonga kibanda cha kuku."

"Wewe hukuwa na safari ya kumbeba mama," mama alisema. Akaingia ndani, akautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango. "Utaenda wewe kumchukua. Mimi basi."

Alipompigia bibi simu, sauti ya bibi ilisikika mpaka sebuleni. "Kama si wewe, mimi nabaki kwangu. Na mkoba nimeurudisha chumbani!"

Mawinguni alikuwa mezani na daftari lake la hesabu. Alijua kwamba neno moja tu kutoka kwake lingeushusha ufunguo ule ukutani. Alimwona mama yake akipangusa meza ambayo ilikwishapanguswa, akainamia hesabu zake.

Siku iliyofuata akapata wazo. Kama mkwaruzo ndio uliomtisha mama, basi mkwaruzo ukitoweka, na woga nao utatoweka. Darasani walikuwa wamebakiza rangi ya fedha waliyopakia nyota za karatasi. Aliomba kidogo. Nyumbani akachukua rangi nyeusi ya viatu. Akakaa chini kando ya gurudumu, akaipaka rimu fedha na tairi rangi nyeusi, huku akiota ufunguo ukijishusha wenyewe kwenye msumari, mama akicheka, mkoba wa bibi ukirudi mlangoni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja. Kwa mbali, na kwa jicho moja, lilipendeza. Lakini mama hakutoka kulitazama, na ufunguo haukushuka.

Jumamosi gari halikuoshwa. Safari hii mjomba hakulizunguka kwanza, aliliendesha moja kwa moja mpaka kwa fundi wa rimu, mama akiwa amekaa kiti cha pembeni, mkoba wake mapajani, kama mgeni ndani ya gari lake mwenyewe. Mawinguni alikaa nyuma.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wateja walimwita Fundi Taratibu, na mwenye haraka alishauriwa aende kwingine. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye harufu ya rangi na mpira. Alilipandisha gari kwa jeki, akainama, akatabasamu. Kisha akamimina tina ya kuondolea rangi kwenye kitambaa, akafuta. Kitambaa kikawa cha fedha upande mmoja, cheusi upande wa pili.

"Fundi mwenzangu aliyenitangulia ni nani?" aliuliza. "Rangi ya karatasi, na hii ni rangi ya viatu. Tairi hili lilikuwa linakwenda harusini?"

Mjomba aliangua kicheko. Wote wakamgeukia Mawinguni, ambaye kucha zake bado zilimeta fedha. Mama alimshika mkono, akazitazama kucha zile moja moja, na macho yake yakajaa machozi.

"Mwanangu," alisema, "ulitaka kunifichia aibu yangu." Akamvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu. "Fundi, unamwona mtoto niliyejaliwa?"

Mawinguni alikuwa amejiandaa kugombezwa. Kwa siku zote zile alikuwa ameshagombezwa mara nyingi kichwani mwake, akazoea. Kusifiwa hakuwa amejiandaa nako. Sifa ile ilimchoma kuliko fimbo. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua kamwe. Aliinua macho kutafuta wingu la kukimbilia, lakini juu kulikuwa na bati tu, lenye matundu ya misumari.

"Si aibu yako, mama," alisema. "Ni yangu. Sikukuambia usimame. Nilikuwa natazama wingu kwenye mlango. Halafu nikakudanganya. Hakukuwa na kokoto."

Mikono ya mama ililegea. Mjomba aliacha kucheka.

"Kwa hiyo hukusema simama?" mama aliuliza.

"Sikusema."

"Na masikio yangu?"

"Masikio yako ni mazima, mama."

Mama aliketi juu ya tairi kuukuu lililolazwa chini. Alikaa hapo akitazama viganja vyake. "Mikono hii imepokea watoto wengi kuliko wanaosoma shuleni kwenu," alisema taratibu. "Na jana kazini niliitazama nikaiona haifai, hata sindano niliogopa kushika. Ulikuwa unaniona nilivyo?"

"Nilikuwa nakuona."

"Nimekasirika, na sitakuficha."

Mawinguni alilia bila sauti. Fundi Taratibu alikohoa kidogo. "Hasira iendelee, hakuna ubaya," alisema. "Lakini mikono ifanye kazi. Binti, njoo hapa."

Kwanza alilipima tairi. Alipitisha kidole gumba ubavuni mwake, kuzunguka lote, akakirudisha pale palipochunika. "Hakuna uvimbe, wala nyuzi za ndani hazionekani. Limechubuka juu juu tu, litatembea salama," alisema. "Lingekuwa limevimba au limekatika, ningelitoa leo hii, maana tairi la namna hiyo hupasuka njiani. Na hiyo rangi yako ya viatu ingetufichia hatari. Umeelewa?"

Mawinguni aliitikia kwa kichwa. Aliiona barabara ya vilima, safari hii bila upepo wala nyasi, ila tairi likipasuka.

Fundi akampa kipande cha msasa na maji. Mawinguni akaanza kusugua rimu. Swaa, swaa. Baada ya muda alisimama kwa wasiwasi. "Fundi, mbona mkwaruzo unazidi kuwa mkubwa?"

"Lazima ukue kwanza. Ukiuziba hivyo hivyo ulivyo, kingo zake zitaonekana siku zote. Sugua mpaka pabovu na pazima paungane."

Mama alisikia. Aliinuka kwenye tairi lake, akachukua kipande kingine cha msasa, akapiga magoti kando ya binti yake. Wakasugua pamoja, swaa, swaa, mabega yakigusana, mpaka vidole vyao vyote vikawa vya kijivu.

Fundi alijaza mashimo kwa dawa nzito ya kuziba, wakangoja ikauke, wakasugua tena mpaka kidole kikipita hakikwami. Kisha akatoa karata kuukuu za kuchezea, akazichomeka moja moja kati ya rimu na tairi, kuzunguka lote, ili rangi isiguse mpira. Gurudumu likawa ua kubwa lenye petali za wafalme na malkia. Mawinguni alisahau machozi.

"Mimi napuliza," fundi alisema, akitikisa kopo la rangi. "Kwa miwani hii sioni vizuri rangi inapojikusanya. Wewe tazama. Ukiona inataka kutiririka, niambie nisimame."

Rangi ilitoka kama ukungu. Mwale wa jua ulipita kwenye tundu la bati, na ukungu wa fedha ukawa unaelea ndani yake, ukizunguka, ukipanda. Mawinguni hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Ndoto ilimwita kwa jina. Aliisikia, lakini macho yake yakabaki kwenye rimu, ambapo tone dogo lilikuwa linaanza kunenepa.

"Simama!"

Kidole cha fundi kiliacha kopo papo hapo. Mama aliinua kichwa, akamtazama binti yake kwa muda.

Rangi na vanishi ya kung'arisha iliyopulizwa juu yake zilipokauka na karata kutolewa, rimu iling'aa, ila ukichunguza sana uliona pale palipokuwa na jeraha. Mjomba alinyoosha mkono kuufungua mlango wa dereva, lakini mama alimtangulia.

"Lete ufunguo," alisema.

Kutoka karakanani kulitaka kurudi nyuma, kati ya mapipa upande mmoja na ukingo wa zege upande mwingine. Mama aliwasha gari, akateremsha kioo. "Mawinguni, niongoze."

"Mama, mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Alisimama pale penye ukingo, akainua mkono. "Njoo. Njoo." Kwenye mlango wa buluu wingu lilipita, kubwa, jeupe. Aliliona, akaliacha liende zake. "Njoo... njoo... Simama!"

Gari lilisimama. Mama alishuka, akazunguka, akainama na kupitisha kiganja chake kati ya gurudumu na zege. Kilienea sawasawa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, akiwa bado amechuchumaa. "Siku ile nilikupa macho yangu, ukaondoka nayo. Hilo ni kosa, na kila mtu hukosea. Lakini uliponidanganya, ulifanya nisiyaamini hata masikio yangu. Ukikosea tena, niambie saa hiyo hiyo, mkwaruzo ukiwa bado mdogo. Mawingu yako sikunyang'anyi. Kesho njiani utakaa dirishani uyatazame mpaka uchoke. Ila ukiwa umeshika kazi ya mtu, usimwache peke yake."

"Sitakuacha, mama. Nisamehe."

Mama alimpangusa rangi shavuni, akaipaka zaidi, kwa sababu kidole chake kilikuwa kichafu vilevile. Wote wawili wakacheka. Kisha akatoa simu.

"Mama," alisema, "kesho nakuja kukuchukua. Ndiyo, mimi mwenyewe. Utoe mkoba chumbani."

"Chumbani?" sauti ya bibi ilijaa karakana nzima. "Nani aliupeleka chumbani? Mkoba uko mlangoni!"