Amplifaya Mbili, Spika za Shule

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mwanakheri alipangusa vumbi kwenye amplifaya ya shule, akafunga betri ya trekta, akafungulia redio ili wenzake wasikie taarifa ya habari. Alikuwa darasa la sita, na kazi hiyo alipewa kwa kuwa mjomba wake Beda alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mkonge hapo Kimamba. Spika mbili za shule zilikuwa na sauti ya ajabu. Watu waliapa kwamba zilisikika mpaka Kidete, na majogoo wa kule wakaacha kuwika kwa aibu.

Mwaka huo wa 1974, siku moja kabla ya Sabasaba, ilifika bendi kutoka Mikumi. Lori lao lilirushwa na mashimo njia nzima, spika zao zikapasuka, ikasalimika amplifaya peke yake. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Stefano, akaja nao shuleni.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti," alisema Mwanakheri.

"Marahaba. Funga amplifaya ya bendi kwenye spika hizi, pamoja na ya shule. Kwaya ikimaliza, bendi ianze hapo hapo."

"Zote mbili kwa pamoja?"

"Tumeunganisha mashamba kwa ujamaa, tumeunganisha mpaka nyumba. Tutashindwa na visanduku viwili? Nguvu itakuwa maradufu."

Mwanakheri hakujua kama inafaa. Mjomba angetoka kazini saa tisa, lakini wapiga magita walikuwa wakimtazama, naye akaona haya kusema "sijui". Akajibu, "Sawa." Wakubwa wakaenda kunywa uji.

Alifunga nyaya zote, akawasha amplifaya ya bendi. Spika zilinguruma kama ng'ombe mwenye tumbo la kuhara, na harufu ya kuungua ikatoka kwenye amplifaya ya shule. Akachomoa betri mbio. Alipoijaribu ile ya shule bila ya bendi, haikuwaka.

Hakuna aliyemwona. Kesho wageni wa wilaya nzima wangekuja, na yeye ndiye mwimbishaji wa kwaya. Angeweza kuwasingizia panya. Panya wa Kimamba walishatafuna hata breki za baiskeli ya bwana shamba. Badala yake akaibeba amplifaya kichwani mpaka kiwandani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema? Unafukuzwa na simba wa Mikumi?"

"Nimeunguza amplifaya ya shule. Nilifunga mbili kwenye spika zile zile. Sikujua, na niliona haya kusema sijui."

Mjomba Beda hakugomba. Alifungua kisanduku, akanusa, akachomoa kitu kidogo cha kioo.

"Fyuzi imekatika, mengine mazima. Ungechelewa kuchomoa, tungekuwa tunaichimbia kaburi. Sikiliza, mama. Amplifaya kazi yake ni kutoa nguvu. Ukizifunga pamoja, hii inaimwagia ile tumboni, hata kama ile imezimwa. Spika zipate moja tu kwa wakati, kwa zamu."

Kwenye vyuma chakavu alipata swichi kuukuu ya visu vinne, yaani vipande vinne vya shaba vinavyopanda na kushuka pamoja kwa mpini mmoja. Saa tisa wakarudi nayo shuleni, nyaya nne za spika wakazifunga katikati, za bendi juu, za shule chini. Mpini ukipanda, bendi, ukishuka, shule, hakuna mahali pa kukutana. Mwanakheri alimenya kila waya mwenyewe, akapima kwa taa ndogo kama kuna unaogusa mwenzake. Hakukuwa na hata mmoja.

"Na kabla ya kugeuza, shusha sauti zote mbili mpaka mwisho," alisema Mjomba, akiweka fyuzi mpya.

Siku ya Sabasaba kwaya iliimba mpaka wageni wakasimama. Mwanakheri akashusha sauti, akapandisha mpini, akafungulia tena. Gita la Mikumi likalia safi, na bibi mmoja wa miaka tisini akatupa mkongojo, akalifuata gita kwa kucheza.

"Mnaona wazo langu la kuunganisha," alisema Mwenyekiti.

"Wazo lako limekula fyuzi, Ndugu Mwenyekiti," alijibu Mjomba Beda. Watu wakacheka, na Mwenyekiti naye akacheka. Kisha Mjomba akamshika Mwanakheri bega mbele ya wote. "Huyu alikosea, akaja kusema siku ile ile, akafanya kazi mpaka ikatengemaa. Angeficha, leo tungekuwa kimya. Watoto, kusema 'sijui' au 'nimekosea' si aibu. Hapo ndipo ufundi unapoanzia. Na kuanzia leo, swichi hii haiguswi na mtu bila ruhusa ya fundi Mwanakheri."

"Hata mimi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Wewe hasa," alisema Mwanakheri, na mkono wake haukutoka kwenye mpini.