Nailoni Haijafunguliwa

Kasha la DVD lilikuwa na ukungu kwa ndani. Si juu ya nailoni, ambako mtu angesema ni unyevu wa mvua, bali chini yake, kati ya nailoni na picha ya jalada, kana kwamba kuna mtu mdogo amefungiwa humo na anapumua. Mwenye kasha alilifuta kwa pindo la shati. Ukungu haukufutika. Akalirudisha rafu ya juu, nyuma ya mengine, akafunga chumba kwa ufunguo na kwenda kazini akijiambia kwamba ni baridi tu.

Mtaani walimwita Maktaba, wala hakuchukia. Wenzake walikuwa wameshazitupa DVD zao na kuhamia kutazama filamu kwenye simu. Yeye alikuwa amejaza chumba kizima, ukuta hadi ukuta, hata dirisha likazibwa.

"Vya mtandaoni ni vya kuazima," alipenda kusema. "Wakiamka vibaya wanafuta, wewe unabaki na bando lako. Changu ni changu."

"Maktaba gani isiyoazimisha?" mkewe alikuwa akimjibu, na watu walicheka. Naye alicheka, maana utani wa mke haukatazwi.

Alifuata desturi ya watunzaji: kila filamu hununuliwa nakala mbili, moja ya kutazama, nyingine ya kukaa kwenye nailoni ya kiwandani bila kuguswa. Iliyofunguliwa haina heshima tena mbele ya watunzaji wenzake. Lakini lile kasha halikuwa na mwenziwe. Ilikuwa filamu ya zamani, ya dereva wa treni aliyempenda binti wa fundi saa; mtandaoni haipo, dukani haipo, na baada ya kuhangaika miaka alipata nakala moja tu, imefungwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitazama.

Sasa, filamu hiyo ndiyo waliyoitazama mama yake na marehemu baba yake wiki waliyooana. Mama alikuwa akiishi nao, na presha ya macho ilikuwa inamla nuru kidogo kidogo. Daktari alishasema kinachoondoka hakirudi. Mama hakuomba nguo wala safari.

"Mwanangu, ile ya treni hujaiona popote?" alikuwa akiuliza. "Nataka niione kabla macho hayajafunga duka."

"Bado naitafuta, mama."

Mara ya kwanza aliusema uongo huo kwa nusu sauti, akikusudia kutafuta nakala ya pili aje aifungue ile. Mara ya pili ulitoka wenyewe. Aliona aibu, na aibu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya azidi kulisukuma kasha nyuma.

Alasiri moja alirudi kutoka kazini akamkuta mama sebuleni, ameketi wima, uso umechangamka kama wa bibi harusi.

"Asante, mwanangu."

"Ya nini, mama?"

"Ya filamu. Jana sikukushukuru vizuri, nilikuwa nalia. Nimeona mpaka vifungo vya koti la yule dereva! Na wewe umenishika mkono mwanzo hadi mwisho, kama baba yako alivyonishika."

Jana alasiri alikuwa kazini. Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini mama alikuwa amemwinulia uso, amejaa shukrani, na yeye hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimtazama namna ile. Kusema "si mimi" kungemlazimu aseme na lile la kasha.

"Usijali, mama," akasema. "Ni wajibu wangu."

Papo hapo sebule ikaingiwa na harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa ya moto, na nyuma yake kitu kikashusha pumzi, taratibu, kama mtu aliyepata pa kukaa baada ya kusimama siku nzima. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Alikwenda kuangalia kasha. Nailoni ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Haikupita wiki, mkewe alimvuta jikoni akafunga mlango.

"Baba watoto, leo umerudi saa ngapi?" alinong'ona.

"Sasa hivi. Si wewe umenifungulia?"

"Basi nani alikuwa na mama?" Aliuegemea mlango kwa mgongo. "Umeme umekatika tangu asubuhi, hata friji imeshayeyuka, lakini mimi nimesikia honi ya treni, nimesikia na muziki, nikafuata sauti mpaka kwenye chumba chako, nikaukuta mlango uko wazi na ufunguo unao wewe, na humo ndani televisheni inawaka na mama amekaa anacheka, na wewe uko pembeni yake umenipa kisogo, nikakuita, ukaitika 'naam' kwa sauti hiihii, lakini hukugeuka, na nilivyoangalia vizuri nikaona mwanga wa televisheni unampiga mama usoni na ukutani kuna kivuli cha mama peke yake."

Mganga waliyemwita alikuja mchana, mwanamke mnene mwenye simu mbili ambazo hazikunyamaza hata moja. Alizunguka chumba akishangaa makasha, kisha mkono wake ukaenda moja kwa moja rafu ya juu, nyuma. Alipolishika lile akazima simu zote mbili.

"Nyumba isiyokaliwa na watu hukaliwa na nani?" aliuliza polepole. "Hiki kimetengenezwa kitazamwe. Wewe umekifunga, na mwenye haja nacho umemwacha mlangoni."

"Mtoe huyo jini, mganga. Sema unachotaka."

"Huyu hakuvunja mlango. Amefanya kazi yako, akashukuriwa, na shukrani ukazipokea wewe. Ulipozipokea ulikubali kwamba yeye ndiye wewe." Aliliweka kasha chini, akajifuta viganja kwenye kanga. "Mimi naweza kufukiza hapa mpaka majirani waite zimamoto, haitasaidia kitu. Dawa ni mdomo wako. Mwambie mama yako ukweli wote, leo, kabla mwenzako hajakizoea kiti."

Leo ikawa kesho. Kesho mama alikuwa amechoka. Keshokutwa alikuwa na furaha mno, ungemharibia vipi? Njia ya mwongo ni fupi, lakini Maktaba aliiona bado ina kona. Alimudu kukaa na jini ndani ya nyumba, hakumudu kuuona uso wa mama yake ukibadilika. Mkewe alihamia kwa dada yake na watoto, akisema atarudi atakapoambiwa kwamba yamesemwa. Na kila alasiri honi ya treni ililia nyuma ya mlango uliofungwa, na yeye, akirudi kutoka kazini, alikuwa akikaa jikoni, ameziba masikio, mtu mzima na ndevu zake.

Siku moja mama alitoka chumbani mle akipapasa ukuta.

"Giza limeingia lote sasa," alisema, bila majonzi. "Lakini si neno. Mwanangu hunisimulia."

Hapo ndipo aibu moja ilipoishinda nguvu aibu nyingine. Alimkalisha mama sebuleni, akaleta kasha, akaichana nailoni kwa meno mbele yake, akapiga magoti na kuushika mkono wake.

"Mama, umesikia mlio huo wa nailoni? Ni ile ya treni. Nilikuwa nayo siku zote, juu ya rafu. Nilikuambia naitafuta, nikakudanganya, kwa ajili ya nailoni, mama, ili isichanike. Ungeiona kwa macho yako na mimi. Sikukuonyesha mimi. Sikuwahi kukaa nawe hata alasiri moja. Anayekusimulia si mwanao."

Alisubiri tusi. Alisubiri kofi, na angelishukuru. Uso wa mama ukabadilika kweli, lakini si kwa hasira. Aliuvuta mkono wake kutoka kwenye mikono ya mwanawe na kuuficha kifuani.

"Aliniambia utakuja," alinong'ona.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Aliniambia kuna kitu humu ndani, kitakuja na sauti yake, kitamsingizia mabaya, kiseme hakuwahi kunipenda." Alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. "Usiniguse!"

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu!" mama alipiga kelele kuelekea mlangoni, macho yake meupe yakitafuta. "Mwanangu, njoo! Kimekuja!"

"Naam, mama," sauti yake mwenyewe ikaitika kutoka koridoni, kwa upole ambao yeye hakuwahi kuutumia. "Usiogope. Nakuja kumtoa."